Nyaya tatu za erthi za trekta dogo: ipi ununue, na upime nini kabla ya kununua

Karibuni watazamaji. Juu ya meza hapa kuna nyaya tatu za erthi za trekta dogo la volti 12, yaani nyaya za kurudisha mkondo kwenye hasi ya betri. Huu wa kwanza ni mkanda wa shaba uliosukwa, hauna ngozi. Wa pili ni mkanda vilevile, ila shaba yake imepakwa bati. Wa tatu ni kebo nyeusi yenye lagi, yaani vichwa vya chuma vyenye tundu la bolti, zilizobanwa pande zote mbili. Kila mmoja una mahali pake, na nitawaonyesha. Lakini tuanze na kupima, kwa sababu watu hununua betri mpya, kisha starta mpya, na ugonjwa unabaki palepale, umejificha kwenye kutu na rangi chini ya bolti moja.

Erthi mbovu ina dalili zake. Betri imejaa, lakini starta inazunguka kwa uvivu, au solenoidi, ile swichi ya sumaku ya starta, inagonga ta-ta-ta na injini haitikisiki. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa mafuta na mshale wa joto vinahama kwa pamoja. Tangi na joto la injini havihusiani hata kidogo. Mishale hiyo ikihama kwa wakati mmoja, shuku waya wa erthi wa dashibodi. Ukiwasha indiketa, taa nyingine inawaka kwa unyonge, maana mkondo umekosa njia yake ya kurudi kwenye betri ukapitia filamenti ya balbu ya jirani.

Dalili ninayotaka muiogope ni hii: kebo ya akselereta kupata moto unapopiga starta. Starta ya trekta dogo inaweza kuvuta ampea 200. Waya wa erthi wa injini ukikatika, mkondo huo haukubali kubaki. Unarudi kwa chuma chochote kinachogusana, hata kebo nyembamba ya akselereta au ya klachi. Kebo inaungua kwa ndani na kukwama. Ukihisi joto hapo, acha ufunguo mara moja, usijaribu tena hadi erthi irudi.

Sasa kupima. Usipime erthi kwa omu, yaani kwa kipimo cha ukinzani. Nyaya za mita yako zenyewe zina ukinzani unaoweza kuzidi ule unaoutafuta. Chukua muunganiko wenye omu 0.01 tu; mita ya kawaida haiuoni. Pitisha ampea 200 hapo: 200 mara 0.01 ni volti 2. Betri ikiwa imeshuka hadi 10.5 wakati wa kupiga starta, starta inapata 8.5. Na volti 2 mara ampea 200 ni wati 400 za joto, zote kwenye kiungo kimoja. Ndiyo maana mnaona lagi imebadilika rangi na ngozi ya waya imeyeyuka karibu na bolti.

Tunapima volti zinazopotea wakati mzigo unavuta. Kabla ya hapo, egesha trekta kwenye tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia huru, zima PTO (shafti inayoendesha zana). Injini isiwake wakati wa kipimo. Kama trekta lako lina solenoidi inayofungua mafuta, chomoa plagi yake. Kama linazimwa kwa kuvuta nobu, nobu ibaki imevutwa. Mtu mmoja akae kitini na kupiga starta kwa ufunguo. Narudia, kwa ufunguo. Usiunganishe bolti za starta kwa bisibisi ukiwa umesimama ardhini. Njia hiyo inaruka swichi za usalama za klachi na gia, na trekta likiwa kwenye gia litaondoka likupitie juu. Watu wamekufa hivyo.

Betri nayo iwe na nguvu. Ikiwa imetulia, 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.4, ichaji kwanza, la sivyo utakuwa unapima udhaifu wa betri.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha risasi cha betri, upande wa hasi, si terminali inayokibana. Hapa wengi hukosea: wakigusa terminali, kutu iliyo kati ya terminali na kichwa haihesabiki. Ncha nyekundu iguse mwili wa starta, mahali penye chuma kitupu. Mwenzako apige starta sekunde tatu hadi tano, nawe usome. Chini ya 0.2, upande wa erthi ni mzima. Kati ya 0.2 na 0.5, fungua viungo uvisafishe. Ukiona zaidi ya 0.5, umempata mwizi wako.

Yuko wapi hasa? Ncha nyeusi ibaki palepale, nyekundu itembee: terminali, halafu lagi, halafu kichwa cha bolti, halafu chuma cha giaboksi, halafu bloku ya injini, mwisho mwili wa starta. Kila hatua, piga starta usome. Pale namba inaporuka, tatizo liko kati ya hapo na hatua iliyotangulia. Matrekta mengi madogo hayana chasi kamili kama gari. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi vimefungwa pamoja kuwa ndiyo mgongo wa mashine, na mara nyingi waya wa betri umefungwa kwenye giaboksi au kwenye mabano ya mbele. Fundi akitenganisha sehemu hizo kubadilisha klachi, akarudisha kwa silikoni na rangi mpya, umeme hubakiwa na bolti chache tu za kupitia. Trekta limetoka gereji likiwa zuri kwa macho, na starta imekuwa nzito. Tatizo hili nalitilia mkazo kwa sababu hakuna waya uliokatika, hivyo kwa macho hulioni.

Kama huna mita, chukua kebo nene ya kubusti. Upande mmoja funga kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha bloku, mbali na feni na mkanda wake. Starta ikichangamka ghafla, erthi ndiyo mbovu. Isipobadilika, azima mita upime upande wa chanya: kutoka kichwa cha chanya hadi bolti nene ya starta, ukipiga starta. Zaidi ya 0.5 huko, erthi haina hatia.

Kwa taa na dashibodi utaratibu ni uleule, ila mzigo ni taa zenyewe. Washa taa zote, pima kutoka hasi ya betri hadi waya wa erthi wa taa inayosumbua. Ikizidi 0.1 au 0.2, fuatilia. Madigadi na jukwaa la dereva mara nyingi hukaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, na boneti huning'inia kwenye bawaba zilizopakwa rangi. Taa iliyofungwa huko isitegemee bolti zake, ipewe waya wake hadi kwenye mwili wa injini. Na msidanganywe na mita inayosoma volti 12 wakati taa imechomolewa: waya uliobaki na uzi mmoja bado utaonyesha 12, kwa sababu mita karibu haivuti mkondo wowote. Balbu ya indiketa ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75, itasema ukweli kwa kufifia.

Haya, turudi mezani.

Mkanda mtupu wa shaba unapindika vizuri sana, na sifa yake kubwa ni kuvumilia mtikisiko. Lakini kila uzi uko wazi. Kwenye trekta linalomwaga mbolea au kusafisha zizi, amonia na unyevu vinaingia katikati ya msuko, shaba inageuka unga wa kijani ambao huwezi kuusugua ukatoka. Karibu na betri, asidi inafanya kazi hiyohiyo. Siupendekezi kwa kazi ya shamba.

Ule uliopakwa bati unastahimili zaidi, na huo ndio ninaouchagua kuunganisha injini na fremu pale injini inapokaa juu ya mipira.

Kwa njia kuu, kutoka betri hadi bloku, nunua kebo. Milimita za mraba 35 ndicho kipimo changu. Mita moja ya shaba ya unene huo ina ukinzani wa karibu omu 0.0005, kwa hiyo hata kwa ampea 200 inapoteza volti 0.1 tu. Ya 25 inatosha kwa starta ndogo na umbali mfupi. Ya 16 iacheni kwa kazi nyingine.

Angalieni sana kebo za alumini iliyovikwa shaba. Kwa nje zinang'aa wekundu kama shaba halisi, lakini hupitisha umeme kwa takribani theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na nyuzi zake hukatika upesi kwa mtikisiko. Kebo ikiwa nyepesi mkononi kuliko ulivyotarajia, kata uzi mmoja utazame ncha. Ndani pakiwa peupe, ni alumini. Shaba ya bati ni kinyume: nyeupe kwa nje, nyekundu ndani. Tazameni lagi pia. Iwe imebanwa kwa mashine, waya hauchezi, na tundu lilingane na bolti, M8 au M10 (unene wa milimita 8 au 10). Tundu kubwa kuliko bolti linapunguza eneo la kugusana.

Kufunga: hasi ya betri hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa mwili wa trekta isipige cheche karibu na gesi ya betri. Sugua rangi na kutu kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae, duara pana kuliko lagi yenyewe. Lagi ilale moja kwa moja juu ya chuma. Washa (pete ya bolti) yenye meno ikae juu ya lagi, chini ya kichwa cha bolti. Wengine huiweka chini ya lagi wakitegemea meno yatoboe rangi. Kwa mkondo wa starta, sikubaliani nao. Meno machache hayalingani na uso mzima wa chuma. Lagi zikiwa kadhaa kwenye bolti moja, ile nene ya betri iwe ya chini kabisa. Kama kitabu cha trekta hakisemi vingine, bolti ya M8 ya daraja 8.8 hukazwa kwa nyutoni-mita 25 hivi. Grisi ipakwe baada ya kukaza, kwa nje, kuzuia maji.

Rudia kipimo cha starta. Kisha rudisha plagi ya solenoidi ya mafuta, washa injini, washa taa zote, na upime kutoka mwili wa alterneta hadi hasi ya betri. Ikibaki chini ya 0.2, na betri yenyewe inasoma kati ya 13.8 na 14.5, chaji inafika. Ikiwa betri bado inasoma 12 na kitu huku erthi ikiwa safi, waya mpya hautasaidia. Fungua upande wa alterneta, anza na mkanda na fyuzi yake kuu.