Uzoefu wangu wa kufunga kamera ndani ya gari la sakiti

Video yangu ya kwanza kutoka sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, ilikuwa dakika 20 za weupe. Ndani ya gari kila kitu kilionekana, hadi mshono wa ngozi ya usukani, ila nje ya kioo barabara ilikuwa imepotea kabisa, utadhani naendesha juu ya mawingu. Sauti ilikuwa upepo mtupu. Nilikuwa nimenunua kamera ndogo ya 4K, yaani ya picha kali sana, nikaibandika kwenye kioo cha mbele, nikabonyeza kitufe na kuingia uwanjani nikijiona mtaalamu. Imenichukua msimu mzima kufika nilipo sasa.

Nianze na mahali pa kuifunga, maana ndipo nilipopoteza siku nyingi. Kamera ya kioo cha mbele inatoa picha nzuri ya barabara, lakini dereva hajifunzi kitu. Unaona kona inakuja, kona inapita. Ulianza kukata usukani lini, mikono ilitulia au ilihangaika, hayo huyaoni. Nikaihamishia kati ya siti mbili, nyuma kidogo ya mabega, usawa wa kidevu changu. Kutoka hapo inachukua mikono, gia, mishale ya dashibodi na barabara yote ya mbele. Nilijaribu pia juu ya helmeti, mara moja tu. Kila nikigeuza kichwa kuitafuta kona, anayetazama anapata kichefuchefu. Isitoshe waandaaji wengi hawataki kitu chochote kibandikwe kwenye helmeti, na ukifikiria gari likigonga ukuta utaona kwa nini.

Kifungio nilichoanza nacho ni ile raba inayonyonya kioo. Ilishika asubuhi yote. Mchana, kioo kimepata moto na vumbi limeingia pembeni, nikakanyaga breki ya nguvu mwisho wa mstari mrefu, kamera ikang'oka na kudondoka mbele ya siti ya abiria. Ingeangukia upande wangu ingeingia chini ya pedali ya breki, na sitaki hata kuwaza zaidi. Sasa natumia kibano cha chuma kinachokaza kwa skrubu kwenye bomba la usalama nyuma ya siti, lile la chuma linalokinga watu gari likipinduka, pamoja na kamba fupi ya kuizuia ikilegea. Mkaguzi huishika na kuivuta kabla sijaruhusiwa kuingia, nami simlaumu. Kama gari lako halina bomba, nguzo za kilaza kichwa zinafaa, mradi mkono wa kushikilia kamera uwe mfupi. Mkono mrefu unatikisika, na kwa kuwa kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari, mtikisiko ule unageuza dashibodi kuwa maji yanayocheza kwenye beseni.

Halafu kuna kile kipengele cha kutuliza picha ambacho matangazo hayaachi kukisifia. Kizimeni. Kinafanya kazi kwa kuhisi kamera inavyogeuka, na kamera iliyofungwa garini inageuka kila gari linapogeuka. Kwa hiyo katika kona kinajitahidi kuishikilia dunia ya nje isisogee, matokeo yake usukani na dashibodi ndivyo vinavyoelea, kisha picha inaruka ghafla kujirudisha sawa. Nilipoteza wikendi mbili nikidhani kifungio ndicho kibovu, nikakaza skrubu hadi nikakaribia kuivunja.

Ule weupe una sababu rahisi. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, inaona giza jingi la ndani, inaongeza mwanga, na barabara inaungua. Niliweka kipimo kifuate doa dogo tu la picha, nikaliweka doa hilo pale dashibodi inapokutana na kioo. Barabara imerudi. Mikono imekuwa na kivuli kiasi, lakini inaonekana, na hiyo inanitosha.

Ile 4K niliyoilipia siitumii. Napiga 1080p, ubora wa chini yake, kwa fremu 60 (picha 60) kwa sekunde, na hesabu yangu ni hii: kwa kilomita 180 kwa saa gari linakwenda mita 50 kila sekunde. Kwa fremu 30, kati ya picha moja na inayofuata gari limesogea zaidi ya mita moja na nusu. Kwa fremu 60 ni chini ya mita moja. Ukitaka kuona ulianza kukata usukani kabla ya alama au baada yake, tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji. Tena 4K ilikuwa inaichemsha kamera. Ndani ya gari lililofungwa, juani, ilikuwa ikijizima yenyewe katikati ya kipindi bila hata kuaga.

Umeme nauchukua kwenye tundu la kiberiti kupitia chaja ya USB. Jambo moja tu: ukipiga stata umeme unashuka, kamera inakata kurekodi. Washa gari kwanza, kisha rekodi. Kadi iwe yenye alama ya V30, yaani inahakikisha kuandika megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka. Kadi ya bei rahisi niliyoanza nayo ilinikatia video mara tatu.

Sasa data, maana video peke yake inakuonyesha umefanya nini bila kukuambia imekugharimu kiasi gani. Simu inajua ilipo takriban mara moja kwa sekunde, yaani kwa mwendo ule wa juu kila baada ya mita 50. Kona nzima inaweza kupita katikati ya nukta mbili. Nikanunua kipokezi kidogo cha GPS kinachosoma mara 10 kwa sekunde, nikakiweka juu ya dashibodi kione anga, kinazungumza na simu kwa Bluetooth. Kwenye simu natumia programu ya RaceChrono, ambayo inapanga muda wa kila raundi na kuchora mwendo juu ya video. Nimechomeka pia kisomaji cha OBD, lile tundu la kusomea kompyuta ya gari, kupata mizunguko ya injini na kiasi ninachokanyaga mafuta. Vipimo vyake vinakuja kwa kuchelewa kidogo, na usitegemee kikupe nguvu ya breki, haimo katika vile vipimo vya kawaida vya OBD.

Kuoanisha video na data kulinitesa mwanzoni. Nilikuwa napiga makofi mbele ya kamera, kama wapiga picha za sinema, hadi nilipong'amua kwamba GPS haina masikio. Siku hizi nasimamisha gari kabisa kabla ya kutoka, na nalinganisha sekunde ile magurudumu yanapoanza kusogea na sekunde mstari wa mwendo unapoondoka sifuri.

Je, imesaidia? Kuna kona moja ndefu ya kulia ambayo ningekula kiapo kwamba naimudu: breki, kata mara moja, mafuta. Nilikaa na mwalimu wangu tukaitazama polepole. Mikono inakata mapema, inarudisha kidogo, inakata tena, inarudisha tena. Mara tatu kabla ya kona kufika katikati! Mzee akasimamisha picha, akacheka, akaniuliza, "Kijana, mbona unauomba usukani msamaha?" Mstari wa mwendo nao ulionyesha mimi hufika chini kabisa, kilomita 84 kwa saa, mbali kabla ya ncha ya ndani ya kona, halafu nasubiri tu. Raundi niliyochelewa kukata, bila kujua, nilipita na 91 na mikono haikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimeihesabu raundi hiyo kama niliyoharibu.

Sauti nimeitatua nusu. Maikrofoni ya waya yenye sponji nimeificha kwenye buti ya gari, upepo haufiki, injini inasikika kama injini. Injini ikinguruma sana sauti inaanza kukwaruza, na bado natafuta kiwango sahihi cha maikrofoni.

Kinachonikera hadi leo ni kitufe chenyewe. Kiko nyuma ya bega langu, nimevaa glovu, nimefungwa mikanda, na ule mlio wa kwamba inarekodi hausikiki ndani ya helmeti. Nimeagiza rimoti ya kubandika kwenye dashibodi. Imekuja imechelewa, kwa sababu wiki iliyopita ndipo nilipopata raundi yangu bora kuliko zote, nikakimbia kutazama kadi, nikakuta video ya sekunde 4: kidole changu kikisogea mbali na kitufe, kisha kikirudi kubonyeza mara ya pili kwa uhakika.