Ziara ya Unguja: ulizia taarabu kabla ya fukwe

Nililipia ziara ya siku chache Unguja kupitia kampuni moja ya kupokea wageni. Tulikuwa kundi dogo, na mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Mji Mkongwe. Niseme mapema: ratiba ilikuwa ya hivi hivi, kijana ndiye aliyeibeba.

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, tulipangiwa asubuhi moja tu. Karatasi ya ratiba iliahidi tungeingia Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, la 1883. Tulipofika tukaishia kulitazama kwa nje, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mtu anayeuza safari za Unguja kila siku hawezi kusema hakulijua hilo. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, tulilipitia mbiombio, na pale si mahali pa mbio.

Usiku ndipo pesa yangu iliporudi. Ratiba ilisema "burudani hotelini", kijana akatuuliza kama tungependa kwenda kwenye taarabu ya wenyewe. Tukaenda. Mpiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, alianza kwa kuweka sawa nyuzi zake, nazo zinapita 70, kwa hiyo nenda na subira. Huku tukingoja, kijana akatusimulia jinsi Barghash alivyomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala hiyo, jinsi kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilivyoanzishwa 1905, na jinsi mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alivyokwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili.

Kisha fidla zikaingia, na udi, na akodiani. Bi mkubwa aliyekaa mbele yangu alikuwa ametulia tuli, mpaka ulipofika ubeti fulani. Akainuka, akatembea kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza noti, akarudi kukaa bila kumtazama mtu. Nikamuuliza kijana kulikoni. "Dada yangu, huo ubeti una mwenyewe humu ndani," akaninong'oneza. Kuanzia hapo sikusikiliza tena sauti tu. Nilikuwa nafuatilia nani anainuka kwenye maneno gani. Mwenye Kiswahili ana bahati hapo, maana mgeni asiyeijua lugha atapata muziki mtamu lakini vijembe vitampita.

Msitu wa Jozani nao haukuniangusha. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, wamewazoea watu kiasi kwamba wanakula majani juu ya kichwa chako kama hupo. Kijana alitueleza kwamba hula hata makaa, yanayowasaidia kuhimili sumu ya baadhi ya majani. Njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko ni fupi lakini ipitie, hasa maji yakiwa yamejaa. Shamba la viungo ni zuri pia, ila wenye mikarafuu kwao wanaweza kuliruka.

Nawapa nyota nne. Ya tano ilibaki pale Beit al-Ajaib. Ukienda, omba siku nzima ya Mji Mkongwe na uulize kwa jina ni kikundi gani cha taarabu utakachopelekwa. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, vyumba hujaa mapema. Ramadhani muziki husimama, kwa hiyo tazama kalenda kabla hujatuma pesa.