Unga wa ndimu, siki au kemikali ya dukani: kipi kinafufua oveni ya mvuke iliyogoma?

Hukumu kwanza. Kwa oveni ya mvuke ya nyumbani iliyoziba kwa chokaa, yaani ukoko mweupe unaoachwa na madini ya maji, unga wa ndimu unatosha. Ni ileile asidi ya sitriki wanayonunua watengeneza ubuyu na sabuni. Kemikali maalumu ya dukani inauzidi kidogo tu, ila bei yake inauzidi mno. Siki inashika mkia. Lakini vyote vitatu havina msaada kama kilichoigomesha oveni si chokaa, kwa hiyo usikoroge chochote kabla ya kuisikiliza.

Jaza tangi, washa mvuke peke yake kwa nyuzi 100 bila kuchanganya na joto kavu, kisha tega sikio. Pampu hunguruma kwa vipindi vifupi, sauti yake ikifanana na ya mashine ya kahawa. Ikinguruma kawaida lakini mvuke ukatoka kiduchu, au tundu likawa linatema maji ya moto badala ya mvuke, njia imeziba, na hapo asidi ndiyo dawa. Ngurumo ikiwa kavu na kali, pampu inavuta hewa: tangi halijasukumwa likafika mwisho, au ule mpira mdogo wa duara kwenye mdomo wa tangi umekauka na kupasuka. Zima mara moja, maana maji ndiyo yanayoipoza pampu, na ikizunguka kavu koili yake huungua.

Pampu ikiwa kimya huku kioo kikiandika kwamba tangi ni tupu, ilhali limejaa, mshuku boya. Kwenye matangi mengi boya hubeba sumaku ndogo inayoiamsha swichi iliyo upande wa pili wa ukuta. Ute na chokaa vikiligandisha chini, oveni haioni maji. Lichomoe, lisugue kwa mswaki laini, na uhakikishe linapanda na kushuka lenyewe.

Kuna kosa moja la watu waangalifu. Wakiogopa chokaa, hutia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini. Baadhi ya oveni hupima maji kwa vijiti viwili vinavyopitisha umeme kidogo, na maji yasiyo na madini karibu hayapitishi chochote, kwa hiyo oveni inaapa kwamba tangi ni tupu. Ongeza maji kidogo ya bomba, kama kitabu chake kinaruhusu, na ujumbe utapotea. Yale maji ya betri ya kituo cha mafuta, kwa vyovyote, si ya jikoni, na chupa ya asidi ya betri mara nyingi hukaa rafu hiyohiyo.

Halafu kuna "ubovu" usio ubovu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Oveni iliyozoea Mombasa ikihamishiwa huko itahangaika kuitafuta 100 isiyopatikana. Modeli nyingi za kujengewa ukutani zina urekebishaji wa kiwango cha kuchemka: unairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha unaiendesha kwa mvuke wa 100 ikiwa tupu na baridi, mlango ukiwa umefungwa, kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu. Ukifungua mlango katikati, umeharibu kipimo.

Ikithibitika ni chokaa, tumia gramu 50 za unga wa ndimu kwa lita 1 ya maji. Kwa hesabu ya kemia, gramu hizo zinaweza kula takriban gramu 39 za chokaa, kiasi kikubwa kuliko kinachokaa kwenye jenereta ndogo ya mvuke, yaani kile kichemshio cha maji ndani ya oveni. Koroga hadi punje zote ziyeyuke, maana punje moja inaweza kuziba valvu uliyokuwa unataka kuizibua. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka. Hapa ndipo unga wa ndimu unapopewa lawama isiyo yake: mchanganyiko ukiwa mkali na wa moto, asidi hii hushikana na kalsiamu ikatengeneza chumvi nyeupe isiyoyeyuka kirahisi, na joto likizidi ndivyo inavyozidi kuganda. Mtu anaondoa ukoko mmoja na kupika mwingine. Kama oveni imekaa mwaka mzima bila kusafishwa, fanya raundi mbili za gramu 50 badala ya moja ya gramu 100.

Tumia programu ya oveni yenyewe ya kuondoa chokaa, maana ndiyo inayoipeleka asidi ndani ya jenereta na kuiacha itulie humo. Kuwasha mvuke wa kawaida na asidi tangini ni kosa: joto ni kubwa mno, na ukungu wa asidi utakujia usoni ukifungua mlango. Usiikatishe programu njiani. Oveni nyingi hujifunga na kukataa kupika hadi suuza ikamilike, na umeme ukikatika ukarudi zitaanzia hatua ya kusuuza. Ziada ya suuza mbili za tangi zima la maji safi si ubadhirifu. Vipande vyeupe vikitoka kwenye suuza ya kwanza, furahi.

Siki ya asilimia 5 ina sifa moja ya haki: chumvi inayotokana nayo huyeyuka vizuri, haigandi kama ya ndimu. Lakini ni asidi dhaifu zaidi, inakwenda polepole, watengenezaji wengi wanaikataza kwa ajili ya mipira ya ndani, na keki itanuka achari kwa siku kadhaa. Wanaochanganya siki na bekingi soda wanapata mapovu mazuri ya kutazama, kwani viwili hivyo vinauana kabla ya kuigusa chokaa. Maji ya ndimu yenyewe yana sukari na nyama za tunda, ambazo zitaungua ndani ya jenereta. Kemikali za chooni zenye asidi ya hidrokloriki zitakula chuma cha pua. Na jiki isikutane na asidi yoyote humo, maana hutoa gesi ya klorini.

Kemikali ya dukani, hasa ya asidi ya laktiki au ya sulfamiki, huacha mabaki machache na huja na kipimo tayari. Inafaa kulipiwa katika hali moja: oveni ikiwa bado kwenye dhamana na kitabu kikitaja aina hiyo.

Sasa yale ambayo asidi haiyagusi. Breka ya umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, ikianguka mara tu mvuke unapowaka, kipasha joto cha jenereta kimepasuka au kimenyonya unyevu. Oveni iliyofungiwa miezi kadhaa kwenye hewa ya pwani hufanya hivyo pia, kwa sababu unga wa kuhami ulio ndani ya kipasha joto hunyonya unyevunyevu. Fundi ataichomoa kwenye umeme na kupima: kipasha joto cha wati 1,500 kwa volti 230 kinapaswa kusoma karibu omu 35, na kati ya nguzo zake na gamba la chuma la oveni isisomeke njia kabisa. Kihisi cha joto cha aina ya PT1000 husoma karibu omu 1,097 kwenye nyuzi 25. Kikisoma sifuri au bila mwisho, kimekufa. Kama oveni yako ina maikrowevu ndani yake, usifungue kifuniko cha gamba lake hata ikiwa imechomolewa. Kapasita yake hubaki na umeme wa kuua.

Mvuke unaotoka pembeni ya mlango, kwa upande mwingine, ni kazi ya dakika mbili. Bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila kukaza, mpira wa mlango una mafuta au umelegea mahali hapo.

Kuhusu maji: visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya chokaa, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi inayotoboa chuma cha pua vitundu vidogo, jambo ambalo asidi haiwezi kulirudisha. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri, au ya vituo vya kujazia vinavyotumia osmosisi (kuyasukuma maji kwenye chujio laini mno linalobakiza madini), huchelewesha chokaa sana. Chochote utakachotumia, mwaga tangi kila baada ya kupika na uliache wazi likauke.