CorelDRAW mpya na faili zinazonenepa: uzito unatoka wapi, na unapunguzwaje

Anayehama kutoka toleo la X3 au X4 la CorelDRAW, programu ya kuchora na kusanifu kazi za uchapaji, kwenda matoleo ya karibuni hukutana na jambo hili mapema sana. Kadi ya biashara yenye nembo na mistari minne ya maandishi, iliyokuwa na makumi ya kilobaiti tu, ikihifadhiwa upya inapanda hadi mamia ya kilobaiti. Mchoro haujaguswa. Wengi huamua kwamba programu ina hitilafu na kurudi kwenye toleo la zamani, wakati tatizo linamalizwa kwa kuondoa tiki moja.

Tangu X5 ya mwaka 2010, mfumo wa rangi wa CorelDRAW ulijengwa upya, na faili ya CDR (faili ya kazi ya CorelDRAW) ikaanza kubeba ndani yake profaili ya rangi, yaani maelezo ya jinsi rangi zinavyopaswa kuonekana. Profaili hazilingani kwa uzito. sRGB ina KB 3 tu. U.S. Web Coated (SWOP) v2, ambayo wengi wanayo bila hata kuichagua, ina takriban KB 545. Coated FOGRA39 ni kama KB 640, na ISO Coated v2 ya ECI inafika MB 1.8. Faili ndogo ikibebeshwa mzigo huo lazima ionekane imevimba. Faili ya MB 80 ikibebeshwa huohuo, hakuna atakayejua.

Kwenye dirisha la Save As ondoa tiki ya Embed color profiles kwa kazi ambazo hazitoki kwenye kompyuta yako. Kazi inayokwenda kuchapwa kwingine, iache tiki. Bila profaili, kompyuta inayopokea hutumia ya kwake: namba za CMYK (rangi za wino wa kuchapa) hubaki zilezile, lakini zinavyoonekana kwenye skrini hubadilika, na kitu chochote cha RGB (rangi za skrini) kitageuzwa kwa hesabu tofauti. Hapo ndipo bluu ya mteja inapotoka na uzambarau, na lawama zinaishia kwa aliyechapa. Kuokoa KB 500 hakustahili ugomvi huo.

Kwa faili kubwa, mkosaji ni picha. JPEG ya MB 3 ikiingizwa ndani ya mchoro haibaki MB 3, kwa sababu hufunguliwa na kuwa pikseli kamili. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ni MB 36 kwa RGB, na ukiigeuza CMYK ni MB 48, kabla CDR haijaibana. Ubanaji usiopoteza ubora hausaidii sana kwenye picha za watu na mandhari. Hili ndilo jambo tunaloona CorelDRAW ingepaswa kulieleza waziwazi pale mtu anapobonyeza Import.

Chukua bango la mita 3 kwa mita 1. Ukibonyeza Convert to Bitmap, inayogeuza mchoro kuwa picha ya pikseli (bitmap), na kuacha 300 dpi (pikseli kwa kila inchi) kwa CMYK, umetengeneza pikseli 35,433 kwa 11,811, yaani kama GB 1.67 za data. Kwa 100 dpi ni MB 186, na bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halitapoteza chochote. Kwa picha iliyokwisha ingizwa tumia menyu ya Bitmaps, kisha Resample, inayopunguza pikseli. Ila angalia skeli kwanza: bango lililochorwa kwa 1:10 linahitaji 1000 dpi kwenye ukurasa ili kupata 100 dpi kwenye flex (turubai la plastiki la bango). Anayesahau hili hupunguza faili vizuri kabisa, kisha anachapa vigae vya rangi badala ya uso wa mtu.

Kukata picha nako kuna mtego. Ukiikata kwa Shape tool au ukiiweka ndani ya PowerClip (umbo linaloficha kilicho nje yake), sehemu isiyoonekana bado ipo yote ndani ya faili. Picha ya ukumbi mzima inaweza kuwa imejificha nyuma ya kichwa cha bwana harusi kwenye kadi ya inchi 5. Baada ya kukata kwa Shape tool, bonyeza Bitmaps, kisha Crop Bitmap. Hapo ndipo ziada inaondoka kweli. Ya PowerClip itoe kwanza, ikate, ndipo uirudishe.

Tangu toleo la 2019 kuna pia efekti zisizoharibu picha ya asili. Ni nyongeza nzuri, pengine sababu bora kuliko zote ya kuhama, kwani ukungu au mwangaza unarekebishwa hata baada ya kazi kufungwa. Gharama yake ni kwamba picha ya asili inabaki ndani ya faili. Kazi ikishakubaliwa na mteja, tengeneza nakala na uzigandishe efekti hizo kwa Convert to Bitmap. Vivuli vya maandishi navyo hutengenezwa kwa pikseli kulingana na ubora uliowekwa kwenye mipangilio ya hati. Kwa bango, 72 hadi 100 dpi inatosha. Kwa kadi acha 300.

Kabla ya kukata chochote kwa kubahatisha, fungua Document Properties kwenye menyu ya File. Utaona idadi ya vitu, nukta (pointi zinazounda mistari), efekti, fonti na picha zilizomo. Ukikuta nukta nyingi kupita kiasi kwenye nembo iliyotrasiwa (iliyogeuzwa kutoka picha kuwa mistari), ichague na utumie Reduce Nodes. Njia nyingine tunayoipenda zaidi: tangu X4 ya 2008 faili ya CDR ni kifurushi cha ZIP, hivyo 7-Zip inafungua nakala yake na kukuonyesha uzito wa kila kipande. Tazama tu. Usifute kitu humo na kufunga tena, maana faili inaweza isifunguke.

Kuunganisha picha kutoka nje badala ya kuiingiza hufanya CDR iwe nyepesi mno, lakini kwa kibanda cha uchapaji cha Kariakoo au River Road kinachopokea kazi kwa flashi, ni hatari. Picha zikisahaulika nyumbani, kinachochapwa ni onyesho la ubora duni. Anayeunganisha atumie Collect for Output ili picha, fonti na profaili vikae folda moja. Na kwa sampuli ya kumtumia mteja kwa WhatsApp, CDR haina kazi: toa PDF kwa Publish to PDF, ukichagua Web, kisha Prepress kwa ile ya kuchapa.

Wakati mwingine si faili iliyonenepa, ni folda. CorelDRAW inaweza kuweka nakala ya kila kazi unayohifadhi, yenye jina linaloanza na Backup_of_, na ukubwa unakaribia wa faili yenyewe. Usizime huduma hiyo, hasa panapokatika umeme ovyo. Kila mwezi tafuta Backup_of_ kwenye folda za kazi zilizokwisha kulipwa na ufute.

Kuhifadhi kwa toleo la nyuma kupitia orodha ya Version ili kupunguza uzito hatukushauri. Efekti mpya zinaweza kugeuka bitmap, na faili ikatoka nzito kuliko ilivyokuwa. Orodha hiyo ifunguliwe pale tu anayepokea ana toleo la zamani, na umpe PDF pamoja nayo ili alinganishe.