Superman wa 1978: Christopher Reeve hajapata mpinzani

Kati ya waigizaji wote waliovaa lile joho jekundu kwenye filamu, Christopher Reeve ndiye Superman mwenyewe, na sababu si misuli. Tazameni pale nyumbani kwa Lois, mwanahabari anayempenda: yuko kama Clark, mtu wa kawaida anayejificha ndani yake, kisha anavua miwani, mgongo unanyooka, mabega yanafunguka, sauti inakuwa nzito. Clark mwoga ametoweka bila kubadili hata shati! Kisha anarudisha miwani na kujikunja tena. Hapo ndipo wengi hukwama: Clark wao ni shujaa yuleyule, kaongezewa miwani tu.

Mbinu za kumrusha angani zimezeeka, sawa. Wanunuzi wa DVD hapa Goma, angalieni kasha kwanza: palipoandikwa VF (sauti ya Kifaransa) peke yake, sauti ya Reeve haimo, na nusu ya kazi yake imepotea. Ulizeni VOSTFR, yaani sauti ya asili yenye maandishi ya Kifaransa. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, katika kompyuta ya Windows, kitufe B hubadili sauti, V hubadili maandishi.