Chupa mbili za Carignan kutoka Saint-Chinian: zabibu ile ile, udongo tofauti

Nimekulia Dodoma, kwenye shamba la zabibu la baba, ambako tulivuna mara mbili kwa mwaka. Baba alikuwa akisema zabibu za kipande cha bondeni si za kipande cha juu, na alizitambua kwa kuonja tu. Mimi sikuwahi kuionja tofauti hiyo ndani ya mvinyo, mpaka niliponunua katoni ya chupa sita kwenye shamba dogo la familia huko Saint-Chinian, kusini mwa Ufaransa.

Saint-Chinian iko katika mkoa wa Hérault, kama nusu saa hivi kwa gari kutoka Béziers. Upande wa kaskazini, kuelekea Berlou na Roquebrun, vilima ni vya shisti, mawe ya rangi ya kahawia na kijivu yanayobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Ukishuka kusini unakuta mfinyanzi na mawe meupe ya chokaa. Shamba hili lina vipande pande zote mbili. Mama mwenye shamba na binti yake wanalima hekta tisa tu, na kila mwaka wanatengeneza mvinyo wa aina mbili kwa zabibu za Carignan peke yake: mmoja wa shisti, mwingine wa chokaa. Mikono ni ile ile, matangi ya saruji ni yale yale, na hakuna pipa la mbao linaloongeza harufu yake. Nilichukua chupa tatu za kila aina, zote za mavuno ya 2020.

Nilikwenda mwenyewe mwezi wa Septemba, na nakushauri nawe uende ukipata nafasi. Mizabibu yao ya Carignan ni ya zamani, mifupi, minene, inasimama bila nguzo wala nyaya, kila mmoja umepogolewa kwa umbo la kikombe. Kwetu tuliitandaza kwenye nyaya, kwa hiyo nilitembea polepole nikiishika. Kwenye shisti, mama mwenye shamba alinionyesha ukuta wa barabara uliokatwa mlimani: mizizi imepenya kwenye nyufa za mawe, mita kadhaa chini, ikitafuta maji. Mawe hayo hupata joto mchana na kulirudisha usiku. Kwenye mfinyanzi wenye chokaa maji hukaa zaidi, mzabibu hauteseki sana wakati wa kiangazi. Mzizi haunyonyi ladha ya jiwe, mama huyo alilisisitiza hilo. Udongo unaamua mzabibu unywe kiasi gani na zabibu ziive kwa mwendo gani, na hayo ndiyo unayoyakuta kwenye glasi. Wafaransa wanaiita teruwari, wakijumlisha ardhi, hali ya hewa na mkono wa mkulima.

Sasa ladha. Wa shisti ulinishika tangu harufu: matunda meusi, moshi kidogo, na majani makavu ya rozimari na thaimu, yale yale yanayoota porini kuzunguka shamba. Mdomoni ni laini, unateleza, kisha unaacha uchachu safi unaokufanya utake kula. Niliunywa na mbuzi wa kuchoma na kachumbari, na chupa iliisha kabla nyama haijaisha. Wa chokaa ni mgumu zaidi. Siku ya kwanza ulinikausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno, na nilijuta kuufungua. Niliurudishia kizibo. Kesho yake jioni ulikuwa umefunguka, mzito, wenye harufu ya plamu na udongo baada ya mvua. Kwa hiyo huu umimine kwenye jagi saa mbili kabla ya kula, na usiunywe wa moto. Nyuzi 16 zinatosha.

Chupa moja ya shisti ilikuwa mbovu. Ilinuka boksi lililolowa maji, kasoro inayotokana na kizibo. Niliandika, wakanitumia nyingine bila maswali, ingawa nilisubiri wiki tatu nzima.

Bei ilikuwa yuro 14 kwa chupa. Usiiangalie lebo ukavunjika moyo: imeandikwa Vin de France tu, daraja la chini kabisa kwa mujibu wa sheria. Sababu ni kwamba mvinyo mwekundu unaobeba jina la Saint-Chinian, lililopewa hadhi rasmi mwaka 1982, lazima uchanganye aina za zabibu. Carignan ya peke yake hairuhusiwi. Hilo linaniuma, maana Carignan iliwahi kuwa ndiyo zabibu inayolimwa kuliko zote Ufaransa, kisha mizabibu mingi mizee ikang'olewa kwa ruzuku za Ulaya, na waliobaki nayo ndio wanaonyimwa jina la kijiji chao.

Kama unapenda mvinyo mtamu, pesa yako iende kwingine. Hii yote miwili ni mikavu kabisa. Kama unataka kuanza na mmoja, anza na wa shisti. Mimi wa shisti umeshaisha. Nimebaki na chupa mbili za chokaa: moja nitaiacha kabatini mpaka 2028, na nyingine naipeleka Dodoma Desemba hii, baba aionje kabla sijamwambia imetoka kwenye udongo gani.