Uchambuzi wa L115A3: Bunduki ya Mdunguaji Inayobebwa na Chasisi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Bunduki tunayoichambua leo ni L115A3 ya jeshi la Uingereza, inayotengenezwa na kampuni ya Accuracy International ya mjini Portsmouth. Wengi huizungumzia kwa sababu ya tukio la Novemba 2009, pale mwanajeshi Craig Harrison alipowalenga wapiganaji wa Taliban waliokuwa umbali wa mita 2,475 huko Musa Qala, Afghanistan, na kuwapata. Rekodi hiyo sitaikalia sana, kwa kuwa siku hiyo upepo ulikuwa umetulia, na umbali huo unapita kwa mbali ule ambao jeshi lenyewe huutaja, yaani mita 1,100 na zaidi kidogo.

Kinachonifanya niiheshimu kimefichika ndani. Ganda hili la plastiki mnaloliona, lenye tundu la kupitisha dole gumba, halibebi uzito wowote. Ni vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu ubavuni mwa chasisi ya alumini, na juu ya chasisi hiyo ndipo mwili wa chuma wa bunduki umekazwa kwa skrubu na gundi ya epoksi, kama kebini ya lori inavyokaa juu ya chasisi yake. Bunduki za zamani, mathalani L42A1 ya wadunguaji wa Uingereza, zilikuwa na mbao, nazo mbao zikinyeshewa hufura, zikikauka hujikunja, na mtutu ukiguswa hata kidogo risasi haiendi tena pale ilipokuwa ikienda jana. Hapa mtutu umeshikwa nyuma tu, na sehemu yote ya mbele haigusi kitu.

Wazo hilo lilitoka kwa walenga shabaha. Malcolm Cooper, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 Los Angeles na tena mwaka 1988 Seoul, na bunduki yao ya kwanza ya kijeshi iliingia jeshini katika muongo huohuo kwa jina la L96A1. Kisha Wasweden wakataka silaha isiyokwama kwenye baridi kali, na hapo ndipo zilipokuja sifa ninazozipenda kuliko zote: bolti, yaani kipande cha chuma kinachosogezwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kufunga mtutu, iliyochongwa mifereji ili maji yakiganda yasiizuie kusogea, kirungu kikubwa cha mkono wa bolti, na nafasi pana kwenye kifyatulio ili mwenye glavu nene aweze kuingiza kidole. Tazameni pia bolti inavyoinuliwa: nyuzi 60 tu, badala ya 90 za Mauser, bunduki ya zamani ya Kijerumani, hivyo mkono haugongani na darubini.

L115A3 ilichukua ujenzi huohuo ikaukuza kwa risasi ya .338 Lapua Magnum, ambayo upepo hauisukumi pembeni kama ile ya milimita 7.62 iliyotumiwa na L96A1. Magazini hubeba risasi 5, kitako hukunjwa ubavuni, na kizuia sauti hupunguza mwako na kishindo mdomoni mwa mtutu.

Lawama yangu ni uzito. Karibu kilo 7 ni mzigo kwa askari anayepanda mlima akiwa pia na maji, redio na fulana ya kuzuia risasi. Hata hivyo siwezi kudai ipunguzwe ovyo, kwa sababu uzito huohuo ndio unaomeza teke la risasi kubwa namna hii, ukampa mpigaji nafasi ya kuona kwa darubini yake risasi imetua wapi.